Sista Aliyerudi Darasani

Wiki ya sita ya muhula, muuguzi mmoja alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa ameikunja insha yake mara nne, kama mtu anayeficha risiti ya deni. Alikuwa amefanya kazi miaka 9 katika zahanati ya ndani huko Kenyenya, kule ambako lami inakwisha na mvua ikinyesha bodaboda nao wanakwisha. Umeme ukikatika, alizalisha kwa mwanga wa simu. Akina mama wa kule humwita sista hata wakikutana naye sokoni akinunua ndizi. Sasa alikuwa mwanafunzi wa shahada aliyeingia katikati, sehemu ya masomo yake ya stashahada ikiwa imehesabiwa, na insha yake ya kwanza ilikuwa imepata 38 kwa 100. "Madam," aliniambia bila kuketi, "nadhani huku si kwangu."

Nimefundisha uuguzi muda wa kutosha kuyatambua maneno hayo. Huja majira yale yale kila mwaka, na huja kutoka kwa watu wa aina moja: waliohamia. Wale waliotoka kidato cha nne wakaanza nasi siku ya kwanza wana malalamiko yao, lakini si hili. Wao hulalamikia chakula, karo na anatomia. Aliyehamia hulalamikia nafsi yake.

Msimamo wangu ni huu. Mzongo wa mawazo unaompata mwanafunzi wa uuguzi aliyehamia hautokani hasa na ugumu wa masomo, na umri wake hauhusiki kama tunavyodhani. Unatokana na kupoteza nafasi aliyokuwa nayo kabla hajapewa nyingine. Na sisi vyuoni tunauzidisha, kwa sababu tunampokea kwa njia mbili zilizopotoka: ama kama mtoto mgeni asiyejua chochote, ama kama mtu mzima asiyehitaji chochote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tunampa jembe langoni, halafu hatumwonyeshi shamba liko wapi.

Niseme kwanza ni nani hao. Nchini Kenya wauguzi huhama kimasomo kwa njia tatu kubwa. Yuko muuguzi wa cheti anayerudi kusomea stashahada. Yuko mwenye stashahada, aliyesoma pengine chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, cha Kisii au cha Nyamira, au pale Tabaka kwa hospitali ya misheni, ambaye sasa anataka shahada Chuo Kikuu cha Kisii au kwingineko. Na yuko kijana ambaye hajamaliza lolote lakini anahama kutoka chuo kimoja hadi kingine kwa sababu ya karo, ndoa, ugonjwa wa mzazi au umbali tu. Huyu wa tatu ndiye tunayemsahau zaidi, ila nitakiri kwamba leo moyo wangu uko na wale wawili wa kwanza, kwa kuwa ndio wanaoacha kitu kikubwa nyuma yao.

Kurudi darasani kwa wauguzi walio kazini si jambo geni. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Uuguzi la Kenya walianzisha mafunzo ya mtandaoni ya kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada, wakilenga kuwafikia wapatao 22,000. Wengi tuliuona mpango ule kama habari ya kompyuta. Mimi nauona kama habari ya nafasi ya mtu: muuguzi alisoma bila kuuacha mshahara wake, nyumba yake na jina lake la sista. Alilipa kwa njia nyingine, maana kusoma peke yako saa nne za usiku baada ya zamu ni upweke wa aina yake. Lakini hakuwahi kuamka siku moja akajikuta hana cheo.

Mtaalamu wa uuguzi Patricia Benner, katika kitabu chake cha 1984 kuhusu safari ya muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubingwa, alionyesha jambo ambalo kila muuguzi mkongwe analijua mwilini mwake: ubingwa haubebeki kama mkoba. Bingwa wa wodi ya wazazi akipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi hurudi kuwa mwanagenzi, kwa sababu ubingwa wake ulishikamana na wagonjwa wa aina fulani, vifaa fulani, hata sauti fulani za usiku. Darasa nalo ni wodi nyingine. Sista wetu wa Kenyenya alijua kumtazama mama anayeingia mlangoni na kuamua kabla ya kumgusa kama gari la wagonjwa liitwe sasa. Ujuzi huo hauna kisanduku katika fomu ya kujiunga na chuo.

Halafu kuna lugha. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sijaona jambo hili likizungumzwa inavyostahili. Muuguzi wa wodini amefunzwa miaka mingi kuandika kwa ufupi. Ripoti yake ya zamu husema: kitanda namba 7, siku ya pili baada ya upasuaji, hana homa, kidonda kikavu, dawa za saa mbili usiku zimetolewa. Neno la ziada ni kosa, maana anayepokea zamu ana wagonjwa 30 wa kuwafikia. Maoni ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu faili linaweza kusomwa mahakamani. Mchukue mtu huyo, mwambie aandike insha ya kujadili sababu za akina mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua katika vituo vya mashambani. Atakuandikia ukurasa mmoja na nusu, kila sentensi ya kweli, kila sentensi imekamilika, na hakuna hoja hata moja iliyofunguliwa. Insha ile iliyokunjwa mara nne ilikuwa hivyo. Msahihishaji alikuwa ameandika "fafanua" mara tano kwa kalamu nyekundu. Muuguzi akasoma kwamba hajui. Ukweli ni kwamba alikuwa ameandika ripoti bora kabisa ya zamu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipokea zamu.

Alama hizi za mwanzo zinazoanguka zina historia. Mwaka 1965 Mmarekani J. R. Hills alipitia tafiti kuhusu wanafunzi waliotoka vyuo vya miaka 2 wakaingia vyuo vikuu, akaona kwamba wengi hushuka alama mara baada ya kuhama, kisha wengi wao huinuka tena. Akauita mshtuko wa kuhama. Ni miaka 60 sasa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu habari ya Hills siku ya kwanza kabisa, na huwaambia kwa sababu ya kitabibu. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman, katika kazi yao ya 1984, walieleza kwamba mzongo hutokana na jinsi mtu anavyolipima jambo: je, linanizidi uwezo? Alama 38 ni ile ile. Lakini anayeamini kwamba 38 imefichua ujinga wake, na anayejua kwamba 38 ni bonde ambalo wahamiaji wengi hupita, hao wawili hawatalala usingizi mmoja usiku huo. Na usingizi si jambo dogo, kwa kuwa ndio unaoyakaza akilini yale yaliyosomwa mchana.

Kwetu Gusii bonde hili lina kuta ndefu kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na yeyote aliyepita kati ya Ogembo na Kenyenya ameona jinsi mashamba yalivyokatwakatwa hadi ua wa jirani ukawa mpaka wa jikoni. Ardhi ya kumrithisha kila mtoto haipo tena. Urithi uliobaki ni karo. Kwa hiyo muuguzi anapokwenda kusomea shahada haendi peke yake: amebeba mkopo wa sako unaokatwa kwenye mshahara, mchango wa shemeji, na ng'ombe wa mama mkwe. Akianguka mtihani, nani atamwambia? Ndiyo maana wanaohamia huficha alama zao kwa bidii kuliko vijana. Kijana akianguka hucheka na wenzake, wakalifanyia jambo hilo mzaha hadi likapoa. Mama wa watoto watatu aliyechangiwa karo hukunja karatasi mara nne.

Tena vijana wana wenzao. Wao wameshaunda makundi tangu mwaka wa kwanza, kundi la WhatsApp la darasa lina karatasi za mitihani iliyopita, na kila mmoja anajua ni karani yupi ofisini anayesaidia na ni yupi anayekwambia urudi kesho. Maarifa haya hayafundishwi. Aliyeingia katikati hukosa miaka miwili ya umbeya wenye manufaa, na hakuna kitabu cha kuufidia.

Sasa niyaguse yale ninayoyasikia vikaoni. La kwanza: "Hawa ni watu wazima, wameshazoea presha." Ni kweli wamezoea presha ya kazi wanayoimudu. Mtu aliyezoea kuogelea mto Gucha hajazoea ukame. Zaidi ya hayo, uzoefu huo huo huwafanya wasiombe msaada, maana kwa miaka mingi wao ndio walioombwa. Mwalimu akiona mwanafunzi mtulivu nyuma ya darasa hudhani mambo ni shwari. Ninawaogopa zaidi hao watulivu.

La pili: "Umri umewapita, akili haishiki." Hoja hii hutolewa na watu wenye umri mkubwa kuliko hao wanaowasema, na sijawahi kuona hata mmoja wao akijiuzulu. Kinachoonekana kama kichwa kizito mara nyingi ni mtu aliyetoka zamu ya usiku Alhamisi, akapanda matatu alfajiri, akaketi darasani saa mbili asubuhi. Mweke kijana wa miaka 20 katika ratiba hiyo uone kama atakumbuka neva za fuvu.

La tatu ni gumu zaidi kulisema hapa kwetu: "Avumilie tu, aombe Mungu." Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa na sina dharau na maombi. Lazarus na Folkman waligawanya njia za kukabiliana na mzongo katika makundi mawili: zile zinazolishughulikia tatizo lenyewe, na zile zinazoituliza nafsi inayobeba tatizo. Zote zina mahali pake. Msiba haurekebishiki, hapo unahitaji faraja, nyimbo na watu wa kuketi nawe. Lakini fomu ya kuhamisha alama iliyokwama mezani kwa mtu kwa miezi mitatu inarekebishika. Kumwambia mwanafunzi avumilie fomu ni kumpa dawa ya maumivu mtu mwenye mwiba mguuni. Nakumbuka mwanafunzi mmoja, katika chuo nilichofundisha zamani, aliyekaa karibu muhula mzima bila kujua kama masomo yake manne yamekubaliwa au atayarudia. Alihudhuria yote kwa woga. Alikuwa akiomba kweli kweli, na kundi la maombi lilimsaidia asivunjike. Kilichomponya hatimaye kilikuwa barua ya mistari sita ambayo ingeweza kuandikwa kabla hajafunga virago kwao.

Hapa ndipo niwaulize wakufunzi wenzangu swali la aibu. Katika masomo ya msingi tunawafundisha wanafunzi nadharia ya Sister Callista Roy, kwamba binadamu hujirekebisha kwa mazingira kwa njia nne: mwili, jinsi anavyojiona, wajibu anaoutimiza, na jinsi anavyotegemeana na wengine. Tunawatahini juu yake. Kisha mwanafunzi wetu mwenyewe anapohamia tunamshughulikia katika ile ya kwanza peke yake: amepata kitanda hosteli? amelipa bima? anakula? Tatu zilizobaki, ambazo ndizo zilizobomoka, tunamwachia mshauri nasaha mmoja anayehudumia chuo kizima, ambaye ofisi yake iko mahali ambapo kila anayepita humwona anayeingia. Katika mji ambao nusu ya wafanyakazi wa wodini ni watu wa kwenu, hakuna anayebisha mlango huo mchana.

Tufanye nini basi? Jambo ninalolipigania kuliko yote ni la makaratasi. Hesabu ya masomo yaliyokubaliwa imalizike na iandikwe kabla mwanafunzi hajaripoti. Kanuni zipo: miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 inaweka ukomo wa asilimia 49 kwa masomo yanayoweza kuhamishwa, kwa hiyo mwanafunzi na aambiwe mapema kwamba sehemu kubwa ya safari bado iko mbele yake. Wengi hufika wakiamini wamebakiza kidogo tu. Mshangao huo peke yake hutosha kumwangusha mtu muhula wa kwanza. Faili lake la Baraza la Uuguzi nalo lifuatiliwe na chuo, kwa sababu chuo kina simu na karani, naye ana zamu.

Baada ya hapo, apewe mwenza. Lakini asipewe rais wa darasa mwenye miaka 21 na moyo mzuri. Apewe aliyehamia mwaka uliopita, aliyepata 41 yake akaishi. Nimejaribu njia hizi mbili na sina haja ya takwimu kujua ipi inafanya kazi. Naona tu ni jozi zipi bado zinakunywa chai pamoja mwezi wa tatu.

Tuwafundishe pia kuandika, waziwazi, bila kuwadharau. Mimi huanza na ripoti yao ya zamu. Huchukua sentensi moja, "kidonda kikavu," na kuwauliza: umejuaje? kwa nini ni muhimu? ingekuwaje kama si kikavu? nani anabisha? Majibu ya maswali hayo manne ndiyo aya. Huchukua saa mbili za mchana mmoja, na mara nyingi huona mtu akicheka kwa hasira kidogo, akigundua kwamba kumbe hilo ndilo lililokuwa likitakiwa muda wote.

Tena huwapa zoezi ambalo wenzangu hulikejeli: kila aliyehamia aandike mpango wa uuguzi ambao mgonjwa wake ni yeye mwenyewe. Achunguze, atambue tatizo, apange, atekeleze, apime. Kanuni moja tu: kila tatizo liwekwe alama kama linaweza kubadilishwa wiki hii au la. Utashangaa jinsi orodha ya "yasiyobadilika" inavyopungua mtu akishaiandika kwa mkono wake. Na yale yanayobaki, basi hayo ndiyo ya kupeleka kanisani.

Upande wa mwajiri nitapita haraka, kwani kila mtu anaujua. Tangu ugatuzi wa 2013 muuguzi wa zahanati ni mfanyakazi wa kaunti, na ruhusa ya masomo hutegemea kama yuko wa kushika nafasi yake. Katika zahanati yenye wauguzi wawili, anayesoma humwachia mwenzake zamu zote, akabeba hatia hiyo hadi darasani. Chuo hakiwezi kuajiri muuguzi wa tatu. Lakini chuo kinaweza kutoa ratiba ya mafunzo ya wodini wiki sita mapema badala ya kuibandika ukutani Ijumaa jioni, ili wawili hao wapange.

Na kuna Jumamosi. Masomo ya walio kazini huwekwa mwisho wa wiki, jambo linaloonekana la busara hadi ukumbuke uko wapi. Waadventista, ambao Sabato yao ni Jumamosi, wako Gusii tangu misheni ya Nyanchwa, zaidi ya miaka 100, na katika madarasa yangu ni wengi. Muuguzi ambaye wiki nzima amejigawa kati ya wagonjwa, watoto na vitabu, siku yake moja ya kupumzika na kuimba na watu wake ndiyo tunayoiomba. Akikataa, anakosa somo. Akikubali, anapoteza kile kitu kimoja kilichokuwa kikimshikilia. Tumeitengeneza ratiba inayomnyang'anya dawa halafu inamlaumu kwa kuugua. Jumapili ipo, na Wakatoliki watalalamika, na wana haki. Basi ziwepo zamu mbili za somo moja. Ni kazi kwa mwalimu, najua.

Sista wa Kenyenya hakuondoka. Muhula wa pili alibisha tena, safari hii bila karatasi iliyokunjwa. Alikuwa akiandika upya ile mada ya kutokwa na damu, na alikuwa amegundua swali ambalo hakuna aliyempa. Oksitosini, dawa tunayomchoma mama ili mji wa mimba ukaze, inatakiwa ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi kwa muda, hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Kwao umeme hukatika. Je, katika zile nyakati alizochoma dawa na damu ikaendelea kutoka, tatizo lilikuwa mama, mkono wake, au friji? Alitaka nimwandikie barua ya utambulisho ili akanakili rekodi za joto la friji katika vituo vitatu. Nikaitia sahihi papo hapo, nikamuuliza atasafiri lini.

"Ijumaa, madam. Jumamosi mimi husali."

Nikafungua ratiba kuangalia atakosa somo la nani. Lilikuwa langu.